Nyanyua mchi

Kazi yangu ni mashua. Navusha wageni kwenda kisiwa cha Toten na kurudi, na bahari ya Tanga naijua tangu utotoni. Kwa hiyo siku ile kijana alipoopolewa majini pale Raskazone, mimi ndiye niliyemshika miguu tukambinua kichwa chini, mwenzangu akimkamua tumbo ili maji yatoke. Akakohoa, akafumbua macho. Tukapongezana mpaka jioni.

Miezi kadhaa baadaye nikahudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza, siku mbili. Nilipoisimulia habari ile kwa majigambo, mkufunzi, muuguzi mdogo kwangu kwa umri, alinisikiliza mpaka mwisho. "Kaka, huyo aliamka kwa bahati yake," akasema. Aliyezama anakufa kwa kukosa hewa, na dakika za kumning'iniza ni dakika anazonyimwa hewa. Ukimkamua tumbo, matapishi yanapanda na kuingia kwenye njia ya pumzi. Niliona aibu, sifichi.

Kwa aliyezama na hapumui, alitufundisha kuanza kwa kumpulizia pumzi tano mdomoni. Wengine hufundisha mbili. Kisha kifua kinabanwa mara 30, pumzi mbili, 30 tena, bila kupoteza muda. Mwingine anapiga simu 114, ya Zimamoto na Uokoaji, wakati wewe unaendelea. Na mtu anayevuta pumzi moja moja kwa kutweta, kama changu aliyetupwa ndani ya mashua, usidanganyike: huyo hapumui.

Nilidhani kupuliza ndiyo kazi rahisi. Nikaufunika mdomo wa mdoli wa mazoezi kwa mdomo wangu, nikapuliza kama najaza tairi la baiskeli, kifua kikabaki kimelala. Kumbe ulimi wa mtu aliyezimia hurudi nyuma ukaziba koo. Kiganja kimoja kiwe kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, kichwa kilale nyuma, pua ibanwe. Halafu pumzi ya kawaida tu, kama sekunde moja, huku jicho likitazama kifua kikipanda. Ukipuliza kwa nguvu nyingi hewa inakwenda tumboni. Mara ya saba ndipo kifua cha mdoli kilipoinuka, polepole, nami nikacheka peke yangu.

Kubana kifua ndiko kulikonitesa. Mahali pake ni katikati ya kifua, juu ya mfupa, si kwenye chembe cha moyo. Mikono inyooke, uzito utoke mabegani, kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, maana yake zile 30 zinachukua sekunde 15 hadi 18. Mimi nilizimaliza kwa sekunde 11, na mkufunzi akasema kifua hakirudi juu, naegemea. Moyo usipoachiwa kujaa damu tena, unakamua kitu kitupu.

Nyumbani nikajaribu juu ya kitanda. Upuuzi: lililoshuka ni godoro. Nikajaza usumba kwenye gunia, nikaliweka sakafuni ukumbini, nikaanza kuhesabu. Mama alikuwa uani akitwanga kisamvu. Akasimama mlangoni, mchi mkononi.

"Wee mwanangu, unalikanda au unalitwanga?"

"Natwanga, mama."

"Mbona hunyanyui mchi? Ukiuegemea kinuni, kisamvu chako hakilainiki mpaka kesho."

Akarudi kwenye kinu chake, nami nikamtazama. Mchi ulishuka, ukapanda wote, ukashuka. Muda wa kushuka na muda wa kupanda vilikuwa sawa. Nilishika simu nikapima: mama alikuwa anatwanga polepole kuliko inavyotakiwa kwa kifua, lakini kuachia kwake ndiko nilikokuwa nakutafuta siku mbili nzima. Nikarudi kwenye gunia, viganja visibanduke ila uzito uondoke wote. Sekunde 17.

Sasa gunia liko mashuani. Kila Ijumaa kabla ya kupakia wageni, mimi na vijana wangu wawili tunapokezana kila baada ya dakika mbili, kwa sababu mikono huchoka na mtu hajijui. Mdogo wao ana nguvu lakini ana haraka, na akichoka anaegemea. Hapo ndipo wavuvi wa jirani hunishangaa, mtu mzima nikipiga kelele ufukweni: "Nyanyua mchi! Nyanyua mchi!"