Jeshi la nchi ya kubuni linakula nini?

Leo mchana nimemaliza kuandika sura inayohusu majeshi ya nchi ya kubuni katika hadithi yangu, na hadi sasa kichwa kimejaa hesabu.

Wapiga mishale, mabaharia na wapanda majoka niliwamaliza upesi (joka, kusema kweli, halimpi mwandishi taabu).

Walionishika ni wapanda farasi 5,000.

Farasi mmoja hula takriban kilo 10 za nafaka na majani kwa siku, kwa hiyo kikosi hicho kinahitaji tani 50 kila kukicha. Na ikiwa nyumbu mmoja wa mizigo (yule chotara wa punda na farasi, si wa porini) hubeba kilo 100, basi wanahitajika nyumbu 500 kwa lishe ya siku moja tu, nao pia wanataka kula! Katika jeshi la Warumi, askari 8 waliolala hema moja walikuwa na nyumbu wao wa kubeba hema hilo pamoja na jiwe la kusagia nafaka.

Basi nimemwongeza mtunza ghala mzee, mwenye vidole vyeusi kwa wino, ambaye jemadari hathubutu kuamuru safari kabla ya kumsikiliza. Nimempenda kuliko wapanda majoka wote.

Wenzangu mnaoandika hadithi za namna hii, majeshi yenu hulishwa na nani njiani?