Nilivyopata wateja wa achari Malindi bila kupunguza bei

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nilipoanza kuuza achari ya maembe hapa Malindi, kila mtu alinitajia methali hiyo, hata wanaonitakia mema. Mimi naikataa. Achari yangu ilikuwa nzuri tangu mwanzo, lakini ilikaa kwenye rafu ya duka mtaani Shela hadi vifuniko vikashika vumbi. Mtu atatamanije ladha asiyoijua?

Akaja kijana mmoja, akijiita mtaalamu wa masoko, akanishauri nipunguze bei na nilipie matangazo mitandaoni. La bei nilikataa papo hapo. Maembe mabichi yanakatwa, yanatiwa chumvi, yanaanikwa juani, ndipo yaingie siki, pilipili na bizari. Nikipunguza bei itanibidi nipunguze kitu humo ndani, na mteja aliyezoea atajua tu. Matangazo nililipia, kama elfu tatu hivi. Laiki zilimiminika, nyingi za watu wa Nairobi, na swali lao lilikuwa moja: itafika bila kumwagika? Sikuwa na jibu, ila swali niliweka.

Kilichonifungulia njia ni karai la viazi. Kuna mama anayekaanga viazi karai jioni kule Buntwani. Nikamwendea: "Mamangu, niwekee bakuli hili hapa, anayetaka ajitilie, bure." Kando yake nikapanga chupa chache. Sasa fikiria: mtu katoka kazini na njaa yake, kiazi kimetoka kwenye mafuta sasa hivi, ganda la manjano bado linachirizika. Anakichovya, anakitia mdomoni, anafumba macho kidogo kwa ule ukali. Halafu anauliza, "Hii achari ya nani?" Chupa zote zilikwisha kabla ya adhana ya isha.

Mwaka 1960 Mmarekani Jerome McCarthy aliyapanga mambo ya soko katika mafungu manne: bidhaa, bei, mahali na kunadi. Huku kwetu ushauri wote unakimbilia kunadi. Mahali ndipo nilipopata mimi.

Halafu nikataka kujua kwa hakika nani ananunua, maana kukisia kunamaliza mtaji. Kila chupa nikaifunga uzi shingoni: mwekundu za Buntwani, wa kijani za dukani, wa bluu zile nilizoziweka kwenye kibanda karibu na mabasi ya Mombasa. Ukirudisha chupa tupu unapunguziwa kidogo ukinunua nyingine. Nyekundu zilirudi kwa wingi, kijani za kuhesabika. Za bluu ndizo zilizonifunza. Aliyekuja nayo hakutaka moja. "Nipe nne, bibie, naenda kwa dada yangu Mombasa, siwezi kwenda mikono mitupu." Kumbe pale sikuwa nauza kitoweo, nilikuwa nauza zawadi!

Nikabadilisha karatasi ya chupa. Mwanzo iliandikwa "Achari tamu, safi, bora", maneno ambayo kila muuzaji anayo. Sasa imeandikwa "Zawadi kutoka Malindi. Haimwagiki safarini." Na haimwagiki kweli: nafunika mdomo wa chupa kwa nailoni kabla ya kifuniko, kisha nailaza usiku kucha juu ya gazeti. Gazeti likilowa, chupa hiyo haitoki nyumbani. Tazama M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, tangazo lake halikueleza mitambo. Liliwaambia watu watume pesa nyumbani, na kila mwenye mama kijijini akaelewa.

Wale wa Nairobi nao nikawajibu, na vifurushi vinapanda basi hadi leo.

Jambo ninalolishikilia sana ni mteja wa zamani. Nambari za simu za waliorudisha chupa ninazo daftarini. Maembe yakianza kujaa sokoni nawapelekea wao ujumbe kwanza, kabla sijapeleka hata chupa moja dukani. Msimu uliopita ndoo ya kwanza waliimaliza wao, na mwenye duka akasubiri ya pili.