Mkanda wa kiwavi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii sijalala vizuri, kuna majibu nayasubiri ya jambo zito, na kila usiku nikishika simu natafuta nani ametabiri nini, huyu anasema ni mwezi wa kuvuka, yule anasema kaburi limefunguka, nazidi kuogopa tu. Juzi katika kutafuta huko nikakutana na habari za nondo mmoja, mdudu kama kipepeo anayeruka usiku, wa Marekani na Kanada, anaitwa Isabella.

Kiwavi wake ana manyoya mwili mzima, mweusi kichwani na mkiani, katikati ana mkanda wa kahawia kama kutu. Ukimgusa anajikunja duara, anatulia. Baridi ikija anajificha chini ya majani makavu anaganda kabisa, barafu mpaka ndani, na maji ya mwili wake yana gliseroli, kimiminika kizito kitamu, inayokinga seli zisiharibike, joto likirudi anayeyuka na kuendelea na safari. Ajabu ya Mungu hiyo, lakini mimi nilikwama kwenye mkanda.

Watu wa kule toka zamani wanausoma kujua baridi itakuwaje. Kahawia ikiwa pana baridi ni nafuu, nyeusi ikizidi jiandae. Mwaka 1948 mtaalamu wa wadudu wa New York, Howard Curran, akaenda mpaka Bear Mountain, mlima ulio nje ya jiji, kuwapima viwavi hao. Sasa sikieni wapendwa, ile kahawia inaongezeka kadiri kiwavi anavyojivua ngozi na kukua, yaani mkanda unasema ametoka wapi. Ya mbele hauyajui!

Nililia. Samweli alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, hata sasa Bwana ametusaidia, hakutabiri pale kesho Wafilisti watakuja na wangapi. Na sisi tuliookoka tunahangaika huku na huku tupewe ishara, tunatuma mpaka sadaka ili tuambiwe ya kesho, halafu aliyoyatenda mwaka jana tumeshasahau, hata asante hatujasema. Mama, baba, acha hiyo kitu. Kaa chini ujihesabie, ulikuwa kitandani nani alikuinua, ulikosa kazi ukaishije miezi yote ile, nani alikufuta machozi siku ya msiba?

Mimi jana nimefunga simu nikachukua daftari, nikaanzia siku niliyookoka. Majibu bado hayajaja, niombeeni. Nimefika ukurasa wa sita.