Lengo la Nguo 12 Lilivyonishinda, na Nilichobadilisha
Mwaka jana nilijiwekea lengo la kujishonea nguo 12, moja kila mwezi, lakini kufikia Juni nilikuwa na sketi moja, magauni matatu yasiyo na mikono, na rundo la vitenge lililozidi kukua kila nilipopita sokoni. Nilidhani tatizo ni uvivu. Nilipoyakagua magauni yale, niligundua kwamba yote yalikwama mahali pamoja, kwenye kuunga mikono, kazi ambayo sikuwahi kujifunza vizuri.

Basi nikaacha kuhesabu nguo, nikachagua ufundi huo mmoja na kuurudia kwa miezi miwili. Nilikata mikono ya majaribio kwenye marikani, kitambaa kisichoumiza roho kikiharibika, nikapitisha mishono miwili iliyolegea sehemu ya juu ya mkono, nikavuta nyuzi taratibu hadi mkono ukalingana na tundu lake, kisha nikaubana kwa pini kabla ya kuupeleka kwenye cherehani. Jaribio la nne lilikaa bila mikunjo.

Nilijiwekea pia sharti la kutonunua kitenge kipya kabla ya kumaliza kilichokwisha kukatwa, sharti gumu kuliko mkono wowote. Magauni mawili sasa nayavaa. La tatu lilikuwa limenibana, nikalikatia binti yangu sketi.