Sain na Mkuki Wake: Kujifunza Mchezo Ndani ya Hadithi

Aliyenifundisha kwamba upanga hulishinda shoka ni askari wa farasi mwenye majivuno aitwaye Sain. Katika sura ya kwanza ya Fire Emblem, mchezo wa video wa mikakati ya vita wa Game Boy Advance, kifaa cha mkononi cha Nintendo, iliyotolewa nje ya Japani mwaka 2003 na kuwa ya kwanza katika mfululizo huo kuwafikia wachezaji wa nchi nyingine, Sain anamvamia kwa mkuki jambazi mwenye shoka, na pigo lake linakosa shabaha. Mwenzake Kent anamuuliza kwa nini hakutumia upanga. Anajibu kwamba mkuki una ushujaa zaidi, na askari wa farasi hana budi kuwa shujaa. Akibanwa kidogo, anakiri kwamba alisahau kununua upanga. Kent, ambaye bila shaka amezoea vituko hivi, anampa mmoja.

Kanuni inayofundishwa hapo ni fupi mno: upanga hulishinda shoka, shoka huushinda mkuki, mkuki huushinda upanga. Ingetosha mstari mmoja kwenye skrini. Mstari huo, hata hivyo, ningeusahau kabla ya kumaliza sura, ilhali hadi leo kila ninapokaribia kumpeleka mwenye mkuki mbele ya shoka, Sain hunijia akilini na mkono wangu husita. Nimeikumbuka kanuni kwa sababu ninamkumbuka mtu aliyeivunja.

Michezo ya mikakati yenye wahusika wanaokua ina mzigo huu kuliko aina nyingi nyingine: mgeni anatakiwa kuelewa ramani ya miraba, zamu, masafa ya silaha, umbali ambao kila mmoja anaweza kwenda na faida ya kusimama msituni, yote haya kabla hajapata sababu yoyote ya kujali nani atashinda. Sehemu ya kwanza ya Fire Emblem hiyo, yenye utangulizi na sura 10, inaupunguza mzigo huo kwa kumfuata Lyn, msichana wa nyika za Sacae ambaye kabila lake liliangamizwa na majambazi. Wewe mwenyewe umo ndani ya hadithi: Lyn amekuokota ukiwa umezimia, na unajitambulisha kama mtaalamu wa mbinu za vita. Vita vya kwanza vina Lyn peke yake dhidi ya majambazi wawili. Kisha wanakuja Sain na Kent, baadaye Florina mwenye farasi wa mabawa, ambaye mishale ni hatari kubwa kwake, na kila anayejiunga analeta kanuni yake pamoja na sababu ya kuwapo kwake. Kundi linapokuwa kubwa, umekwisha kumfahamu kila mmoja kwa tabia yake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Dorcas katika sura ya nne. Kabla ya mapigano, Lyn anakutana na Natalie, mwanamke mwenye mguu mgonjwa anayemtafuta mume wake. Mapigano yanapoanza, mume huyo yumo miongoni mwa majambazi, ameshika shoka kama wenzake, kwa sababu alihitaji fedha za kumtibu mkewe. Ukimsogeza Lyn hadi kando yake, amri mpya inatokea kwenye menyu: ongea. Ukiichagua, Dorcas anahamia upande wako. Hivyo mchezo umekufundisha, bila mhadhara wowote, kwamba adui anaweza kuwa na jina na nyumbani kwake, na kwamba ni busara kumtazama kwanza kabla ya kumpiga.

Final Fantasy Tactics ya mwaka 1997, mchezo mwingine wa aina hii, ilifuata njia mbili za kufundisha kwa wakati mmoja, na ni moja tu iliyofaulu. Hadithi yake inaanzia katika monasteri ya Orbonne, ambako wapiganaji wanaokuzunguka wanajiendesha wenyewe nawe unajifunza kwa kuwatazama, kisha inarudi nyuma mwaka mmoja, hadi siku za shujaa wake Ramza na rafiki yake Delita wakiwa wanafunzi wa kijeshi. Kando ya hadithi hiyo yamewekwa mafunzo ya hiari ya mwalimu Daravon, yaliyojaa maelezo, na katika tafsiri ya awali ya Kiingereza maelezo hayo yalivurugika kiasi cha kugeuka mzaha kwa wachezaji. Hata kama yangetafsiriwa vizuri, nadhani ningeyaruka. Daravon hana anachokipoteza nisipomsikiliza.

Somo gumu kuliko yote ni la kifo, maana katika Fire Emblem aliyeanguka vitani kwa kawaida harudi. Shadow Dragon ya Nintendo DS, mchezo mwingine wa mfululizo huo wa mwaka 2008, linalifundisha kwa ukali: katika utangulizi wake, ili mwana wa mfalme Marth aweze kutoroka, unatakiwa kumchagua mmoja wa wenzake ajifanye kuwa yeye, na huyo utampoteza. Sikuipenda hali hiyo hata kidogo, ila baada ya hapo sikuhitaji kukumbushwa.

Hadithi ya Lyn ina kasoro yake pia, nayo inaniudhi kila ninapoirudia. Katika sura za mwanzo mchezo unakuonyesha mraba wa kwenda na kukataa mwingine wowote, kana kwamba mtaalamu wa mbinu uliyetajwa kwenye hadithi hana mbinu yoyote kichwani, na anayecheza kwa mara ya kwanza hana njia ya kuikwepa sehemu hiyo. Siku nilipoachiwa uhuru hatimaye, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumpa Sain mkuki wake na kumtuma kwa jambazi mwenye shoka. Alikosa tena.