Kikohozi kikavu na mfuko wangu wa dawa

Kila aliyenisikia nikikohoa aligeuka tabibu. Mmoja alisema ni baridi iliyoingia kifuani, mwingine akashikilia kwamba bila antibiotiki hakitoki, na wa tatu akanitajia dawa ya maji ambayo, kwa maelezo yake, haijawahi kushindwa na kikohozi chochote. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ni dawa gani nyingine ninazomeza.

Antibiotiki nilizikataa katakata. Kikohozi cha mafua huletwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviui, na huweza kuendelea hadi wiki 3 kisha kikaisha chenyewe. Hata makohozi yakiwa ya njano au ya kijani, rangi hiyo peke yake haithibitishi kwamba kuna bakteria. Tena mimi sikuwa na mafua, wala homa, wala makohozi. Nilikuwa na mwasho mdogo tu chini ya koo, kana kwamba unyoya umenasa pale, nao ulizidi kila nilipozungumza kwa muda mrefu au nilipojilaza.

Dawa ya maji niliikubali ili nipate amani, maana mshauri wangu alikuwa akinifuatilia asubuhi na jioni. Chupa ya kwanza ilinipa usingizi mzito, na nilipoamka nikaendelea kukohoa pale nilipoishia. Akasema hiyo haikuwa aina yenyewe. Ya pili ilikuwa ya kulainisha makohozi, ilhali makohozi yenyewe sikuwa nayo, na nilipomweleza hivyo alinijibu kwa uhakika kabisa kwamba yamejificha. Fedha zilizoishia kwenye chupa hizo zingelipia vipimo vyote nilivyofanyiwa baadaye, na chenji ikabaki.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mpaka leo najisifu nalo. Nilifungua daftari, nikawa naandika saa ya kila kikohozi kikali na nilichokuwa nikifanya kabla yake. Usiku niliacha simu irekodi, kwa sababu kikohozi kina tabia ya kunyamaza mbele ya daktari. Kisha nikakusanya kila dawa iliyokuwa nyumbani kwa jina langu, hata vidonge vya shinikizo la damu nilivyovizoea kiasi cha kutovihesabu kuwa dawa, nikavitia katika mfuko mmoja na kwenda navyo.

Daktari hakuanza na mfuko. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinatosha kumfanya mtu apimwe kifua kikuu, kwa hiyo aliniuliza kuhusu damu, jasho la usiku na kupungua uzito, akaagiza vipimo, na majibu yakawa safi. Baadaye akamwaga mfuko mezani, akachomoa pakiti ya enalapril, vile vidonge vyangu vya shinikizo la damu, na kuniuliza nilianza lini kuitumia. Alinieleza kwamba dawa za kundi hilo huzuia kimeng'enya ambacho pia huvunjavunja kemikali ya mwili iitwayo bradikinini. Kemikali hiyo ikijikusanya, huchokoza njia ya hewa. Kikohozi hicho huweza kuanza wiki au hata miezi kadhaa baada ya kidonge cha kwanza, na ndiyo sababu watu hawaunganishi mambo hayo mawili. Alinibadilishia nikaanza losartan, dawa ya shinikizo la damu ya kundi jingine, na mwasho ukapungua polepole kwa wiki kadhaa.

Mwendo wangu wa daftari unamfaa mtu anayepumua vizuri. Anayekohoa damu, anayekosa pumzi, mwenye maumivu makali ya kifua au ambaye midomo imegeuka bluu hana muda wa kuandika. Aende hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto ambaye kifua chake hubonyea ndani anapovuta pumzi, au anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na umri wa miezi 2 hadi 11, au mara 40 na zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5.

Ndugu yangu mmoja, naye mgonjwa wa presha anayekohoa, aliposikia kisa changu alitaka kutupa vidonge vyake siku ile ile. Nilimsihi asiache hata kimoja kabla ya kumwona daktari, kwa kuwa presha hupanda bila kupiga hodi. Alikwenda, na ikaonekana kwamba vidonge vyake ni vya kundi jingine kabisa. Kilichokuwa kikimkohoza ni tindikali ya tumboni iliyokuwa ikipanda kooni kila alipolala.