Nilivyohesabu nukuu za daktari wa tumbo na ini

Daktari alinikuta kaunta ya maktaba saa nane mchana, bado kavaa kandambili za chumba cha endoskopi, kile cha kuchungulia tumbo kwa kamera. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, faili langu la uprofesa mshiriki linatakiwa Ijumaa. Nitolee tu ile namba ya h." Hiyo "tu" ilinila siku nne.

Ukurasa wake wa mtandaoni, ule unaoorodhesha machapisho yake, ulionyesha h ya 19. Kwa asiyeijua hesabu hii: unapanga machapisho ya mtu kuanzia lililonukuliwa zaidi, yaani lililotajwa mara nyingi zaidi kwenye machapisho mengine, unashuka ukihesabu mistari, na unasimama pale namba ya mstari inapoipita idadi ya nukuu. H ya 19 ni machapisho 19, kila moja limenukuliwa mara 19 au zaidi.

Nikaanza kushuka na orodha. Vidonda vya tumbo, homa ya ini B, saratani ya umio, wagonjwa wa kichocho wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaotapika damu. Sawa. Mara nikakuta kutu kwenye mabomba ya chuma. Chini yake, rangi za viwanda vya nguo. Nikampigia simu, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe zamani kijana mmoja alimfungulia ule ukurasa na kukubali kila makala iliyopendekezwa, na yupo mkemia, nchi nyingine kabisa, mwenye jina la ukoo na herufi za kwanza kama zake.

Nilitoa makala 14 za mkemia. H ikaporomoka hadi 12, na safari hii kwenye simu hakucheka mtu.

"Kwa hiyo nimepungua?"

"Hujapungua, Mama. Kutu ndiyo imetoka."

Tukaja kwenye majina. Kabla ya kuolewa aliandika kwa jina la baba yake, baadaye la mume, kwa hiyo makala zake za mwanzo zilikuwa zinaelea bila mwenyewe. Nilimfungulia ORCID, ile namba ya tarakimu 16 inayomfuata mtafiti hata jina likibadilika. Imekuwapo tangu 2012 na haichukui hata robo saa. Kisha nikaomba kopi zake za karatasi, nikalinganisha moja moja. Sita zilirudi nyumbani. H ikawa 13, na hiyo ningeweza kuitetea mbele ya yeyote.

Hesabu za Scopus na za Google Scholar, hifadhidata mbili zinazohesabu nukuu, niliziweka safu mbalimbali, kila moja na tarehe yake. Ya pili huokota hata tasnifu na ripoti, kwa hiyo huwa kubwa zaidi, ukizichanganya umejichongea. Makala moja ya vituo vingi, yenye waandishi makumi, ilibeba zaidi ya nusu ya nukuu zake zote. Niliitenga na kuandika alichofanya humo: endoskopi za wagonjwa wa kituo kimoja.

Kazi iliyonipa raha ni kuwasoma waliomnukuu. Makala yake ndogo ya kichocho, katika jarida la hapa hapa, ilikuwa na nukuu 9 tu, haikuingia hata kwenye h. Lakini watano kati ya hao, wa Uganda, Sudan na Brazil, walifuata njia yake ya kuchagua wagonjwa wa kufungwa mishipa ya umio iliyovimba. Wale waliomnukuu kwenye ile makala kubwa, wengi walimtaja kwenye utangulizi wakapita zao. Nikaiandikia ile ndogo aya nzima.

Aliposoma aya hiyo alinikumbusha Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Australia waliochapisha kwenye jarida la tiba la The Lancet mwaka 1984 habari za bakteria wa tumboni, wakapata Nobel mwaka 2005. Mwaka huo huo wa 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch ndipo alipoileta h. "Mtu mwenye makala ile peke yake," akasema, "h yake ni 1, hata inukuliwe mara elfu." Akasaini.

Faili liliingia Alhamisi jioni. Wakati wa kufunga niligundua makala zake mbili za ini zimekaa kwenye ukurasa wa yule mkemia. Nilimwandikia kwa adabu. Alijibu baada ya wiki kwa neno moja la shukrani, na makala bado ziko kwake.